Maji Kwenye Waya

Machi 4, Jumatatu

Mvua ya kwanza, ya kunyunyiza tu. Wifi yangu amefika na mabegi mawili na kompyuta ya mezani aliyoiviringisha kwa shuka kama mtoto mchanga. Mdogo wangu kabaki huko anakofanya kazi. Mkewe ndiye aliyepangiwa muhula mmoja kufundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi hapa kwetu, kwa hiyo atalala chumba cha kati mpaka mvua ziishe. Mama alimpokea kwa kumkumbatia. Mimi nilipokea mabegi.

Naandika nyuma ya daftari la kazi, upande ambao wateja hawaufikii. Ya moyoni afadhali niyamwage humu kuliko kuyamwaga mezani.

Machi 6, Jumatano

Niseme mapema nisije nikajidanganya: nina wivu, na nilikuwa nao hata kabla huyu mgeni hajavua viatu.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Wateja wananiita Dada Fundi. Kibanda kilicho mbele ya nyumba ni cha Baba, lakini huu mwaka wa kumi na moja mkono unaofanya kazi mle ndani ni wangu. Baba ndiye aliyenifundisha. Aliniita Waya, kwa vile nilikuwa mwembamba na nilipanda paa bila kuogopa. Fundi hajaniita hata siku moja. Neno hilo alimpa mwanafunzi wake mmoja tu, Kifupi, ambaye sasa ana duka lake upande wa pili wa mji. "Kifupi ni fundi," alikuwa akisema, mimi nimesimama papo hapo na koleo mkononi.

Desemba kiharusi kilimchukua Baba upande wa kulia, kikamchukulia na maneno yote isipokuwa mawili: haya na bado. Haya ni ndiyo, sawa, endelea. Bado ni hapana, si hivyo, rudia. Kwa hayo mawili anaiendesha nyumba nzima. Yakimpungukia ananyoosha kidole cha mkono wa kushoto, na mimi ndiye ninayejua kukitafsiri. Mama huuliza, "Anasema nini?" nami hujibu. Kazi hiyo sikutaka kugawana na mtu.

Machi 9, Jumamosi

Leo chakula cha mchana kimenikaa kooni.

Mambo yenyewe ni haya. Mwisho wa mwezi huu mitambo ya zamani ya televisheni inazimwa, kila kitu kinahamia dijitali, na televisheni yetu ya sebuleni haitapokea kitu. Mimi nilishapanga kuifungia king'amuzi. Na si kwa sababu ya taarifa ya habari. Mwaka jana, kabla ya kiharusi, watu wa televisheni walikuja kibandani wakamhoji Baba, kwa sababu yeye ni mmoja wa waliosimamisha mnara wa kwanza wa mji huu. Siku hiyo nilikuwa juu ya paa la mteja. Mama alikuwa sokoni. Hakuna aliyesikia alichosema, na yeye akasema tutakiona kipindi kikitoka. Sasa wametangaza: Aprili 27, Jumamosi, saa kumi jioni, chaneli mpya ya dijitali. Baba anaingoja siku hiyo kuliko anavyoingoja dawa. Anataka kujisikia akiongea.

Nikaeleza habari ya king'amuzi changu. Wifi akaweka kijiko chini.

"Lakini wifi, king'amuzi kitaonyesha tu, kisha basi. Mimi nina kadi ya televisheni, naweza kuipachika ndani ya ile kompyuta yangu. Inatumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Itapokea dijitali na itarekodi. Baba atajisikia kila siku akitaka."

Baba akageuza kichwa chote. Tangu Desemba sijamwona akigeuza kichwa namna ile.

"Haya," akasema.

"Umemwona?" Mama alisema. "Mwanangu, Mungu akuweke."

Mwanangu. Nilimaliza kula kwa shingo upande, nikaenda kibandani kufungua redio ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Machi 12, Jumanne

Kompyuta imewekwa sebuleni, mbele ya kitanda cha Baba, mahali ilipokuwa televisheni niliyoifufua mimi mara sita. Televisheni imehamishiwa pembeni, uso ukutani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Wifi alifungua kompyuta kwa bisibisi yangu. Aliniomba kwa adabu, nikampa. Kadi yenyewe ni kipande kidogo cha kijani chenye tundu la waya wa antena. Akaipachika, akawasha, akaandika maneno kwenye skrini nyeusi, na maandishi meupe yakamwagika kutoka juu hadi chini.

"Linux imeiona kadi," akamwambia Baba. "Ila kadi bado imelala. Inahitaji faili lake dogo la kuiamsha, na hilo halikuja pamoja nayo. Nitalipakua chuoni kesho."

Anamweleza Baba kila hatua, taratibu, kana kwamba Baba ni mkuu wake wa kazi. Mimi nikitengeneza kitu huwa simwelezi, nafanya tu. Sikuwahi kufikiri kwamba angependa kuelezwa. Baba alikuwa anatikisa kichwa kila sentensi.

Machi 13, Jumatano

Mvua. Redio mbili, pasi moja. Kadi imeamka. Hakuna aliyeniuliza.

Machi 16, Jumamosi

Nataka kuiandika siku hii ilivyo, hata kama inanichafua.

Tangu juzi wifi anatafuta chaneli na hapati hata moja. Kadi iko macho, waya wa antena umechomekwa, lakini programu inataka kuambiwa itafute kwenye masafa yapi, na orodha aliyonayo ni ya miji mingine. Inapita, inapita, inasema sifuri. Mimi masafa ya mnara wetu nayajua kama ninavyojua tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilikaa mlangoni nikimenya chungwa, nikamtazama akihangaika siku mbili.

"Wifi, wewe huna unachokijua kuhusu masafa ya hapa?" aliniuliza leo asubuhi.

"Mambo ya kompyuta mimi siyajui," nikamjibu. Hakuniuliza mambo ya kompyuta, na wote wawili tulilijua hilo.

Basi Baba akagonga ukingo wa kitanda. Kidole kikaelekea kwenye kabati la chini. Mama akauliza anasema nini, nikajifanya hamnazo. Wifi mwenyewe akaenda, akafungua, akagusa kitu kimoja kimoja. "Hiki?" Baba: "Bado." "Hiki?" "Bado." Mpaka akatoa lile daftari jeusi.

Daftari hilo lina kila mnara alioufunga Baba maisha yake yote: urefu, mwelekeo, masafa, na marekebisho yote hadi mwaka jana. Nililiomba nikiwa na miaka kumi na tisa. Akaniambia ngoja. Nikaliomba tena nilipochukua kibanda. Akaniambia ngoja. Leo alimwambia wifi, "Haya," na wifi akalifungua mapajani mwake akiwa bado na mafuta ya kupikia vidoleni.

Moyo uliniuma, na nimemaliza. Sina pambo la kuweka hapo.

Machi 17, Jumapili

Imeshika. Chaneli kumi na nne, picha safi hadi unahesabu nyuzi za nguo ya mtangazaji. Mama anawaambia majirani kwamba mkwe wake amejenga televisheni. Amejenga. Baba amekula chakula chote.

Machi 21, Alhamisi

Mteja mmoja alikuja na televisheni yake kibandani, akasikia sauti kutoka ndani, akaomba kuona "ile kompyuta". Akakaa saa nzima sebuleni. Alipotoka akaniambia, "Dada Fundi, kumbe mmepata fundi." Nikacheka naye. Mashavu yalichoka.

Machi 26, Jumanne

Mvua kubwa imekuja, ile yenyewe. Ilianza saa nane mchana, mabati yakanguruma, na baada ya robo saa picha ya wifi ikaanza kuvunjika. Miraba ya kijani na ya zambarau, uso wa mtangazaji ukabaki nusu, sauti ikakatika vipande, kisha skrini nyeusi.

Wifi akaruka kwenye kibodi. Mama akashika kiuno. Mimi nilisimama mlangoni nikasikia furaha inapanda kutoka miguuni, na sikuizuia.

Maana nilijua ni nini. Nilijua mara moja.

Mwaka juzi waya wa antena ulikatika kwenye ukingo wa paa. Niliuunga mwenyewe kwa kiungo cha kuchomeka, kwa haraka, mteja akinisubiri. Nikaviringisha tepu ya kawaida ya umeme, nikajiambia nitarudi na ile nzito ya mpira. Nikakiacha kiungo kinatazama juu, na wala sikuupinda waya ushuke kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondokee nje. Ni mambo ambayo Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na mbili. Sikurudi. Televisheni ya zamani ilinisitiri: maji yakiingia ilileta chenga kidogo, na nani asiyezoea chenga. Dijitali haijui kusitiri mtu. Ama inaonyesha vizuri, ama inakatika.

Na Baba naye alijua. Kidole cha kushoto kilinyooka juu, kwenye kona ya dari, pale pale ambapo nje ya ukuta kuna kiungo changu. "Bado," akasema. "Bado, bado."

"Anasema nini?" Mama aliniuliza. Wifi naye akanigeukia.

Nikasema, "Anamwomba Mungu mvua ipungue."

Baba alinitazama. Sijui kama niliwahi kutazamwa hivyo na mtu.

Machi 27, Jumatano

Kumekauka, picha imerudi. Wifi anasema labda faili la kadi lilikuwa toleo la zamani. Nikasema labda.

Machi 31, Jumapili

Mitambo ya zamani imezimwa leo. Niliigeuza televisheni yetu, nikaiwasha kuiaga. Chenga tupu. Niliitazama kwa muda.

Aprili 3, Jumatano

Mvua, miraba. Baba ameelekeza kidole juu mara tatu. Nimesema anataka feni. Mama akawasha feni, siku ya baridi kama ile, na Baba akafumba macho.

Aprili 8, Jumatatu

Wifi amefuta Linux yote akaiweka upya. Siku nzima. Mvua iliponyesha jioni, mambo yakawa yale yale.

Mama ameanza kugeuka. Leo nikiwa jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo kompyuta yake mbovu. Ungetufungia king'amuzi chako mapema." Ndilo neno nililokuwa nalingoja mwezi mzima. Nilidhani litakuwa tamu zaidi.

(King'amuzi nacho kingepita kwenye waya ule ule. Naandika tu.)

Aprili 13, Jumamosi

Wifi alikuja kibandani na karatasi. Hajawahi kuingia kibandani bila kubisha, na leo pia alibisha, ijapokuwa mlango ulikuwa wazi.

"Wifi, nisaidie kufikiri," alisema. Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Kadi inanipa namba ya nguvu ya mawimbi. Nimeiandika kila siku, asubuhi na jioni. Angalia. Siku kavu, tisini na moja, tisini. Mvua ikinyesha, sabini, sitini. Ikifika arobaini na kitu picha inavunjika. Halafu haipandi mvua ikikatika. Inapanda kesho yake, jua likishapiga. Kompyuta haiwezi kujua kama nje kuna jua. Mimi nadhani kuna maji kwenye waya."

Nilikuwa na chuma cha kulehemu mkononi. Nilikiweka kwenye kishikio chake polepole.

Alifika. Bila kupanda paa, bila kushika waya maisha yake yote, kwa karatasi na kalamu tu alifika pale pale kwenye kiungo changu. Wivu niliokuwa nao wa daftari ulikuwa mchezo wa watoto. Huu ulikuwa na meno.

"Waya ule niliufunga mimi mwenyewe," nikamwambia.

Nilijua anatafuta namna ya kuuliza mara ya pili bila kunivunjia heshima. Kisha akaikunja ile karatasi.

"Basi si waya," akasema. "Kama ni wewe uliyefunga, si waya. Nitaangalia tena kadi."

Akaondoka. Hakuwa na kejeli hata chembe. Ningependa angekuwa nayo.

Aprili 14, Jumapili

Sikufanya kitu chochote cha maana.

Aprili 18, Alhamisi

Nilimkuta wifi jikoni anaosha sahani ambazo zilikwisha kuoshwa. Macho mekundu. Nikauliza kuna nini.

"Wanafunzi wangu wananiuliza kila siku, televisheni ya mkweo imepona? Niliwaambia nitawafundisha kuifunga kama ile. Sasa nawaambia sijui kosa liko wapi." Akajifuta kwa kiwiko. "Na Baba nimemwahidi. Zimebaki siku tisa. Anavyonyoosha kile kidole juu kumwomba Mungu, wifi, mimi naona aibu. Anamwomba Mungu kwa sababu mimi nimeshindwa."

Maneno yale ya dua ni yangu. Anayatembeza kama kweli.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Usijali."

Aprili 25, Alhamisi

Nimeamua. Kesho wifi akiwa chuoni nitapanda, nitakikata kile kiungo, nitafunga kipya, nitashuka. Mvua ikinyesha Jumamosi picha itasimama, wote watadhani ni kompyuta imetengemaa, na wifi atapata sifa. Sifa nampa. Kosa silitoi. Nimeona ni biashara ya haki.

Kiungo kipya na tepu ya mpira viko mfukoni mwa suruali ya kazi.

Aprili 26, Ijumaa

Radi kutwa nzima. Huwezi kushika mlingoti wa chuma na radi juu ya kichwa. Nilikaa dirishani na viatu vya kupandia miguuni.

Aprili 27, Jumamosi

Niandike leo leo, kesho nitaanza kujitengenezea maelezo.

Asubuhi palikuwa na jua safi. Namba tisini na moja. Nikatoa ngazi, nikaiegemeza. Nilikuwa kwenye kipago cha tatu wifi alipotoka na kikombe cha chai. Leo haendi chuoni. Nililisahau hilo, au nilijifanya kulisahau.

"Kuna shida juu, wifi?"

"Majani yameziba mfereji wa maji."

Akaweka kikombe chini, akaja kunishikia ngazi. Nikapanda, nikazoa majani. Kiungo kilikuwa umbali wa mkono. Tepu imefunguka, inaning'inia, ndani pameota kutu ya kijani. Mfukoni nina kila kitu. Nilichohitaji ni kusema, wifi, ni hiki, wewe ulikuwa sahihi. Nilihesabu maneno, hayazidi sita. Nikatazama mbingu, nikaona ni ya bluu, nikajiambia itashikilia hadi jioni. Nikashuka na majani.

Saa kumi kasoro dakika tano wote tuko sebuleni. Mama alimvalisha Baba shati jeupe na kumchana nywele. Wifi amewasha kurekodi, doa jekundu linawaka pembeni ya skrini. Kipindi kikaanza, wazee wawili nisiowajua, kisha kibanda chetu. Meza yangu. Na Baba, amesimama kwa miguu yake miwili.

Akaongea. Miezi mitano sijaisikia sauti ile. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Baba wa kwenye skrini alikuwa anasimulia siku waliyopandisha antena ya kwanza mnarani. "Mkuu wetu alikuwa chini anapiga kelele, tufanye hivi, tufanye vile. Sisi huko juu tulikuwa hatumsikii. Ndiyo maana kazi iliisha mapema." Baba wa kitandani alicheka kwa upande mmoja wa uso. Sote tulicheka. Kwa dakika hizo sikumwonea wivu mtu yeyote.

Kisha tone moja kwenye bati. Halafu kumi. Halafu huwezi kuhesabu.

Nilitazama namba pembeni ya skrini. Sabini na tisa. Sitini na sita. Wifi alikuwa anaitazama hiyo hiyo. Hamsini na moja. Mraba mmoja wa kijani ukatua begani mwa Baba. Mwandishi kwenye skrini akamuuliza, "Na kazi hii, mzee, umemwachia nani?"

Baba wa kitandani akainua kidole, juu, kwenye kona.

"Anasema nini?" Mama akalia. "Jamani, anasema nini?"

"Anasema kiungo," nikasema. "Anasema kiungo cha paani kina maji. Amesema hivyo tangu Machi."

Sikungoja nione nyuso zao. Nilitoka mbio, ngazi bado iko ukutani, nikapanda mvua ikinipiga machoni. Sikuwa na muda wa kukata na kufunga kipya. Nikauchomoa waya kwenye kiungo, maji yakanimwagikia hadi kwapani, nikaukung'uta, nikaupuliza, nikaufuta kwa shati kwa ndani, nikauchomeka, nikaufunika kwa viganja viwili. Nikabaki hivyo.

Kutoka ndani nikasikia sauti ya Baba, wazi kabisa, kisha Mama akipiga makofi. Kipindi kiliendelea bila doa hadi mwisho. Nilikaa juu mpaka nikasikia muziki wa kufungia.

Nilipotazama chini, wifi alikuwa ameshika ngazi, ameloa nywele hadi viatu. Sijui alitoka lini.

"Ni kiungo?" aliuliza.

"Ni kiungo."

"Ulijua."

"Tangu siku ya kwanza."

Alishikilia ngazi mpaka nikakanyaga chini kwa miguu yote miwili, ndipo akaiachia. "Mimi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba sijui kazi," akasema, akaingia ndani.

Nilibadili nguo, nikaenda kutazama rekodi peke yangu na Baba. Mwandishi anauliza, umemwachia nani. Baba anatabasamu, anaisifu kazi kwanza kwa dakika nzima, kisha analamba midomo. "Yupo mmoja niliyemfundisha mwenyewe," anasema. "Watu wanamwita—" Skrini nyeusi. Hakuna sauti. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu. Kisha picha inarudi safi kama maji ya kunywa, na Baba anamalizia: "...na sijawahi kumwambia. Lakini huyo amenipita."

Ni sekunde zile nilizouchomoa waya. Kazi ya sekunde kumi na moja, niliyoikataa kwa zaidi ya mwezi, nikaja kuifanya juu ya jina hilo.

Aprili 28, Jumapili

Wifi anasema kilichopotea hewani hakimo kwenye rekodi, hata Linux haiwezi kukirudisha. Aliniambia hivyo bila kuniangalia. Mama haongei na mimi isipokuwa chumvi iko wapi.

Mei 1, Jumatano

Nimewaandikia watu wa televisheni kuomba nakala. Nimeirudia rekodi mara nyingi. Kifupi aliambiwa mbele ya kila mtu, kwa hiyo "sijawahi kumwambia" haiwezi kuwa yeye. Halafu nasema, labda Kifupi alimwambia ni fundi, lakini hakuwahi kumwambia amempita. Nageuza hivi, nageuza vile. Kutwa nzima, na redio za watu zimelala wazi mezani.

Mei 4, Jumamosi

Nimekikata kile kiungo. Nilimpelekea Baba, nikakiweka kwenye kiganja chake cha kushoto.

"Kazi yangu hii," nikamwambia. "Na ile ya dua, na ile ya feni, ni uongo wangu. Ulikuwa unaniambia mimi, nikawageuzia wengine."

Alikigeuza kwa kidole gumba. Tone la maji machafu likatoka likamwangukia kwenye shuka. Alikitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kifaa cha mteja kabla ya kutaja ubovu.

Nikauliza. Nisingeuliza ningekufa. "Siku ile kibandani, uliyemtaja ni mimi?"

Macho yake yakatoka kwenye kiungo yakaja kwangu, yakarudi kwenye kiungo. Akanirudishia mkononi, akanifungia vidole juu yake.

"Bado," akasema.

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Wifi alikuwa anaanika nguo. Aliendelea kuanika, kisha akaja kukaa kando yangu kwenye ngazi za mlango, bila kunigusa.

"Mimi nikikosea amri moja, Linux inaniambia hapo hapo," alisema. "Sikujua kwamba watu inabidi uwasubiri."

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe. Ila si leo."

Nikaona ni jibu la mtu wa kweli. Tangu Machi nilikuwa nagombana na mtu niliyemtunga mwenyewe.

Mei 5, Jumapili

Tumefunga waya mpya wote, toka antena hadi kwenye kadi, bila kiungo hata kimoja njiani. Mimi juu, wifi chini. Nilikuwa namwambia kila hatua kwa sauti kubwa, ili Baba asikie kitandani kupitia dirishani. Naukunja ushuke kwanza, Baba. Naweka mpira pale waya unapoingia. Nakaza. Kila hatua alijibu, na mara mbili alijibu bado, nikafungua nikarudia.

Wifi aliomba kuleta wanafunzi wake wiki ijayo waone. "Nitawaambia kadi ni yangu na waya ni wako," alisema. Nikamwambia awaambie na habari ya kiungo. Akanitazama kuona kama natania.

Mei 11, Jumamosi

Watu wa televisheni hawajajibu.

Mvua imerudi leo mchana, kubwa kuliko zote za msimu huu, ya kufunga hesabu yake. Tulikusanyika sebuleni bila kuitana. Wifi na karatasi yake ya namba, Mama na mchele wake wa kuchambua, mimi mlangoni, mahali pangu. Hakuna aliyetazama kipindi, sote tulitazama namba pembeni. Tisini na moja. Mabati yakanguruma, maji yakafurika kwenye mfereji. Tisini na moja. Nusu saa, saa nzima. Tisini. Tisini na moja.

Baba alitazama skrini, akatazama ile kona ya dari, kisha akanitazama mimi. Akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole, si juu safari hii. Alinielekezea mimi, akakishikilia hapo mpaka kikaanza kutetemeka.

"Haya," akasema.

"Anasema nini?" Mama aliuliza, akinigeukia kama ilivyo desturi.

Nikamtazama wifi.

"Safari hii tafsiri wewe," nikamwambia.